Bangili Iliyomwita Baba

Bangili yenyewe ilikuwa ndani ya sufuria, imeviringishwa kwenye kitambaa cha bitana, na juu ya kifuniko ilikandamizwa na pasi nzito ya mkaa.

"Nimesikia chuma kinazuia mawimbi," alisema fundi cherehani. "Sijui kama ni kweli, afande. Nimefanya nilichoweza."

Inspekta aliinua ile pasi kwa mikono miwili, akaiweka sakafuni na kufunua kifuniko. Kituoni alikuwa akiitwa Mama Maswali. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumteta, siku hizi walimwita usoni, kwa kuwa jina lenyewe lilimpendeza. Alikifungua kitambaa polepole. Ndani mlikuwa na bangili ya mpira ya rangi ya waridi, yenye picha ya sungura anayecheka. Sungura yule alikuwa na meno mengi mno kwa kiumbe wa saizi yake.

"Tangu jana iko hapa?"

"Tangu tulipofika mbio mbio. Wenzetu wanazirudisha pale getini wanapotoka, sisi hatukupita getini. Nimeshtukia usiku naiona mkononi mwa mtoto. Nikasema basi, nimemleta mwenyewe mpaka mlangoni."

Chumba kilikuwa kimoja, cheupe, kisafi. Cherehani ilikuwa chini ya dirisha, kitanda kando ya ukuta, na katikati ya hivyo viwili alikaa binti wa miaka sita akipaka rangi kwenye gazeti la zamani. Mamaye alimwita Chiriku, na mtu yeyote aliyewahi kukaa naye kwa kikombe kimoja cha chai alijua kwa nini. Leo chiriku huyo alikuwa amenyamaza. Kando ya mlango yalikuwa mabegi mawili, yamefungwa zipu.

Mama Maswali alijivutia kigoda akakaa. Alikuwa na tabia ya kuuliza jambo moja mara tatu, kila mara kwa mlango mwingine, na hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Nianzie mwanzo. Mume wako amekatazwa na mahakama kuwakaribia."

"Amekatazwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenipeleka. Nisingefika hata kwenye ngazi za mahakama bila wewe, na mpaka leo sijapata namna ya kukushukuru."

"Utanishukuru tukimaliza. Hajui mnapoishi?"

"Hajui. Simu yangu ya zamani niliitupa. Natumia hii ndogo ya vitufe. Barua sipokei. Hata wateja wangu wananijua kwa jina la fundi tu."

"Na jana?"

Fundi cherehani alisimulia tena, na Mama Maswali alimsikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi majokofu ambaye dunia nzima ilimwita Barafu, alikuwa amewanunulia tiketi za bustani ya michezo ili mtoto achangamke kidogo. Barafu ndiye aliyewatorosha mwaka uliopita. Ndiye aliyewatafutia chumba hiki. Upande wote ule wa ukweni, hakuna mwingine aliyesimama nao. Walipofika bustanini mtoto akavishwa bangili ya kuonyesha alipo, wakacheza wakafurahi, kisha Barafu akaenda kununua juisi. Mama na mtoto wakapanda treni ya watoto, ile inayozunguka bwawa. Ilipokaribia kituo, Chiriku akazama chini ya kiti. Pale kwenye jukwaa alikuwa amesimama baba yake, shati limepigwa pasi, amenyoosha mkono kama mtu anayepokea wageni.

"Na treni haikusimama."

"Haikusimama!" Kwa mara ya kwanza uso wa fundi cherehani ulifunguka. "Yule dereva aligeuka mara moja tu, akamwona mtoto chini ya kiti, akaniona mimi. Hakuuliza neno. Akapiga honi akapita. Watoto wote wakashangilia, wanadhani wameongezewa mzunguko wa bure. Kule nyuma kwenye banda la matengenezo akasimama, akatufungulia mlango wa mafundi, akaniambia 'Nenda, mama.' Afande, yule mzee sijui hata jina. Nimemwombea mpaka sauti imekauka."

"Nani alijua kwamba mnakwenda huko?"

Furaha ilizima palepale. "Shemeji peke yake."

"Na alipokwenda kununua juisi alichukua muda gani?"

"Mrefu. Hakurudi. Hatukumwona tena mpaka nyie mlipomleta kituoni." Alitazama mikono yake. "Afande, yaani mtu aliyetutoa motoni ndiye aturudishe? Sitaki hata kumwona. Lakini hilo nitalia baadaye. Wewe niambie kitu kimoja tu. Mume wangu mliyemkamata jana anapajua hapa, au hapajui? Kesho anapelekwa mahakamani na wanasema huenda akapewa dhamana. Kama kitu hiki kimemwonyesha nyumba yangu, mimi leo nahama. Naacha wateja, naacha shule ya mtoto, naanza upya mahali pengine."

Mama Maswali aliifunga bangili katika kitambaa chake. "Nipe mpaka jioni."

*

Mume wa fundi cherehani alikuwa mtu nadhifu. Hata baada ya kulala mahabusu alinukia manukato, na mtaani kwake alijulikana kwa jina la Mpole. Jina hilo lilimfaa sana: kila mkewe alipolalamika, watu walicheka. Mpole yule? Acheni hizo.

Koplo, kijana mpana aliyeandika polepole kwa kuogopa makosa ya tahajia, alikaa pembeni na kalamu. Yeye alikuwa ameshamaliza kesi. Barafu alikuwa nje kwenye benchi na kwa maoni ya Koplo alistahili pingu tangu asubuhi.

"Nani alikwambia mkeo yuko bustanini?" aliuliza Mama Maswali.

"Afande, mimi mzazi. Mzazi huambiwa."

"Na nani?"

"Mdogo wangu nimemwona hapo nje." Mpole alitabasamu. "Ndugu ni ndugu. Mwenye akili ameshaelewa."

Koplo aliguna kwa kuridhika. Mama Maswali aliichukua simu ya mtuhumiwa kutoka kwenye bahasha ya vielelezo. Ilikuwa tupu, ujumbe wote umefutwa.

"Unafuta sana."

"Napenda usafi."

"Kwa hiyo mdogo wako alikupigia."

"Alinitumia ujumbe."

"Akasema njoo bustanini?"

"Alisema wako huko."

"Akakwambia wako kwenye treni?"

"Niliona treni, nikaenda kwenye treni."

"Bustani ile ina bembea, ina gurudumu kubwa, ina maboti, ina nyumba ya vioo. Wewe ukaenda moja kwa moja kwenye treni."

"Bahati."

"Basi ni ujumbe gani wa kumfanya mtu avunje amri ya mahakama?" Sasa alikuwa anaingilia mlango wa tatu, akashusha sauti kama anayemhurumia. "Maana mimi nikikaa pale mbele ya hakimu, nitaulizwa: huyu bwana alijipeleka, au aliitwa?"

Mpole aliinua kidevu. Chambo kilikuwa kitamu. "Niliitwa! Nimeandikiwa kabisa: 'Baba, wapendwa wako wamefika. Karibu ujumuike nao.' Ukiandikiwa hivyo, afande, wewe utakaa nyumbani?"

Kalamu ya Koplo ilikwaruza karatasi. Mama Maswali aliirudisha simu kwenye bahasha. Kisha akauliza kwa upole, kama anayeulizia hali ya hewa:

"Mdogo wako huwa anakuita nani?"

"Vipi?"

"Akikuita. Anasemaje?"

"Kaka. Asemeje tena?"

"Tangu utotoni?"

"Tangu utoto..." Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalishaanza kutafuta mlango.

"Basi haijawahi kutokea," alisema Mama Maswali akiinuka, "mdogo mtu akamwandikia kaka yake 'Baba'. Asante sana, bwana. Umetusaidia kuliko ulivyokusudia."

Huko kwenye korido Koplo alimfuata akiwa amekunja uso. "Sasa kama si mdogo wake, nani anayemwita 'Baba'?"

"Mwanawe. Muuza duka anayemwomba anunue. Na nani mwingine?"

Koplo hakujua. Mama Maswali naye hakujua bado, ila alijua kwa kwenda kuuliza.

*

Barafu alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, kofia yake ya kazi magotini. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia na hajali nani ameona.

"Mama, niwekeni ndani mkitaka," alisema. "Ila mumwambie shemeji sijamuuza. Nitamuuza kwa nani? Kaka yangu mwenyewe hanisalimii tangu mwaka jana."

"Ulikuwa wapi wakati wote ule?"

"Nilikuwa napotea! Nimebeba juisi tatu, nazunguka kama kuku aliyekosa banda. Kaunta waliniambia bwana usijali, ramani itakuja kwenye simu yako, utawaona watu wako walipo. Haikuja. Nikadhani bando limekwisha, nikanunua jingine. Haikuja. Nikauliza wafanyakazi, wananiambia angalia simu yako. Juisi zikapata moto mkononi."

"Unaona?" Koplo alinong'ona. "Kila mtu simu yake inafanya kazi, ya kwake tu ndiyo inakataa."

"Koplo, hebu mletee mwenzio maji." Mama Maswali alikaa kwenye benchi, bega kwa bega na mtuhumiwa. "Pale kaunta nani aliandikishwa?"

"Mtoto. Shemeji alikuwa amesimama mbali kidogo, hapendi kaunta, hapendi kutaja jina. Dada wa pale akamuuliza mtoto, nani atakayekuwa anaangalia ulipo? Mtoto akanionyesha kidole."

"Akasemaje?"

"Akasema 'Baba'."

"Akasema baba mdogo?"

Barafu alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mama, nani anamalizia hilo 'mdogo' kila saa? Mimi ni baba yake. Tangu ajue kusema ananiita baba. Watu wote wanaita hivyo."

"Watu wote," alikubali Mama Maswali. Yeye mwenyewe alikua na baba watatu, wawili wakiwa ndugu wa baba yake, na alipokuwa mdogo hakuwahi kuona wamezidi. Alimshika Barafu begani. "Kunywa maji. Usiondoke."

*

Meneja wa bustani aliwapokea kwa tai na wasiwasi. Alizungumza sana juu ya usalama wa watoto. Tangu bangili zianze, alisema, hakuna mtoto aliyepotea, kila mzazi anamwona mwanawe kwenye ramani, na hata foleni za choo zimepungua. Mama Maswali alisema hayo yote ni mambo mema na akaomba apelekwe kaunta.

Binti wa kaunta alikuwa na sare ya manjano na sauti iliyozoea kushindana na muziki. Alipoona sare za polisi alishika meza.

"Usiogope, binti. Jana ulimvisha bangili mtoto mmoja, mwembamba, ana mwanya, anaongea sana."

"Namkumbuka! Aliniambia mpaka jina la paka wa jirani yao."

"Leo nataka umvishe tena." Alimsogeza Koplo mbele. "Huyu hapa ndiye mtoto."

Binti alimtazama Koplo, mrefu kama mlango, akashindwa kuzuia kicheko. Koplo alinyoosha mkono wake mnene kwa heshima zote. Mama Maswali alisimama nyuma ya binti mahali anapoona kioo cha kompyuta.

"Fanya yote kama jana. Usinieleze, fanya tu."

Binti akaandika jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha yakatokea maua na maneno: *Karibu tena!*

"Tena?" alisema Mama Maswali.

"Alishawahi kuja, mwaka jana. Wakija tena inawatambua, tunaokoa muda." Binti aliinua macho kwa Koplo, akasema kwa sauti ya kazi: "Na nani atakayekuwa anaangalia ulipo, mwanangu?"

"Baba," alisema Koplo kwa sauti nzito.

Binti akaandika neno hilo. Kabla hajamaliza herufi ya mwisho, kisanduku kidogo kikaruka katikati ya kioo. *Baba yupo tayari. Tumia namba yake?* Chini yake palikuwa na *Ndiyo* kubwa ya kijani, na *Hapana* ndogo ya kijivu ambayo ungehitaji miwani kuiona. Kidole cha binti kilishaanza safari kuelekea kwenye ile ya kijani.

Mama Maswali aliudaka mkono wake hewani.

Muziki wa bembea uliendelea kule nje. Binti aliangalia kidole chake mwenyewe, akaangalia kioo, kisha akakikunja kile kidole.

"Namba ya nani hiyo?" aliuliza Mama Maswali.

"Ya... ya baba aliyeandikishwa mwaka jana."

"Na jana aliyekuwa amesimama hapa mbele yako?"

"Alikuwa baba. Mtoto alisema baba." Machozi yalimjaa. "Foleni ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Nikaona baba yupo tayari, nikabonyeza. Huwa nabonyeza. Mama, ni mimi? Ni mimi niliyemwita yule mtu?"

Angeweza kukana. Wengi aliowahoji Mama Maswali katika miaka yake wangesema mashine, au bosi, au foleni. Huyu alisimama pale na kosa lake mkononi, na kwa ajili hiyo tu kesi ilikuwa imefunguka.

"Ni wewe na kompyuta na huyo aliyeamua 'Ndiyo' iwe kubwa," alisema. "Lakini wewe peke yako ndiye uliyesema kweli bila kubanwa. Nakushukuru sana, binti. Kuna watu wawili leo watalala kwa ajili yako."

Akamgeukia meneja. Meneja alikuwa analegeza tai.

"Wateja wako wanarudisha bangili pale getini."

"Wote. Ni utaratibu."

"Wanadhani wamemaliza na nyie. Kumbe mpira mnarudishiwa, na habari za mtoto mnabaki nazo. Mwaka mzima. Huyu mama ametupa simu, amebadilisha mtaa, anaficha hata jina lake. Nyie mkakaa na namba ya mtu aliyekuwa anampiga, na mtoto alipoingia tu mkamtumia mwaliko na ramani inayotembea. 'Karibu ujumuike nao.'"

"Ni kwa ajili ya kuwafurahisha wateja wa zamani," alisema meneja kwa sauti ndogo.

"Amefurahi sana. Nani aliwaambia mhifadhi?"

Meneja alisema kulikuwa na masharti na kwamba mzazi hubonyeza kukubali. Mama Maswali alimwomba ayasome hayo masharti kwa sauti. Meneja aliyafungua kwenye simu yake, akaanza vizuri, akafika aya ya pili, akapotea, akarudi mwanzo, kisha akaizima simu mwenyewe. Alitoa nakala ya kila walichohitaji polisi kwa kesi na, mbele ya macho ya inspekta, akaamuru mtoto aondolewe kwenye kumbukumbu za bustani. Namba ya Mpole nayo ikatoka. Safari hii binti wa kaunta alisoma kila neno la kila kisanduku kabla ya kubonyeza.

"Bado moja," alisema Mama Maswali. "Dereva wa treni."

"Huyo tumemsimamisha kazi. Kupita kituo bila kusimama ni kosa kubwa la—"

"Meneja."

"Atarudi leo," alisema meneja.

Walimkuta bandani, mzee mnene mwenye kofia ya nahodha, anapangusa honi ambayo haikuhitaji kupanguswa. Hakujua alichokuwa amekiokoa. Alisema alimwona mtoto chini ya kiti na akajua kwamba mtoto haogopi treni, kwa sababu alikuwa ameimba mzunguko wote. Basi kilichomtisha kilikuwa jukwaani. "Nikajiambia kama nimekosea nitagombezwa. Kama sijakosea na nikasimama, nitajigomba mwenyewe mpaka kufa." Mama Maswali alimfikishia salamu za fundi cherehani neno kwa neno, pamoja na ile ya sauti kukauka, na mzee akavua kofia akajifunika nayo machoni.

*

Lilibaki swali lile lile la asubuhi. Mama Maswali alikuwa na jibu la nani, hakuwa na jibu la wapi.

Fundi mitambo wa bustani, kijana mwembamba mwenye bisibisi masikioni kama wengine wanavyoweka kalamu, aliitazama bangili ya sungura na kusema hakuna haja ya kuihofia. Haijui dunia. Inazungumza na nguzo za ndani ya bustani tu, na nguzo ndizo zinazochora ramani. Ikitoka nje ya ukuta ni bangili kama bangili nyingine.

"Naamini unalosema," alisema Mama Maswali. "Sasa nionyeshe."

Ikarudishwa kwenye mfumo kwa jina la Koplo, ramani ikafunguliwa kwenye simu ya fundi mitambo. Koplo akavalishwa. Bangili ilimbana, ikamwachia alama, naye akatembea bustani nzima na sungura mkononi huku watoto wakimnyooshea vidole. Kwenye ramani doa la waridi lilitembea naye: gurudumu, maboti, banda la treni, mlango wa mafundi. Hata aliposimama kununua biskuti, doa lilisimama. Mtu aliyekaa nyumbani kwake alikuwa amemwona mtoto hivi hivi, hatua kwa hatua.

Kisha wakapanda gari, Koplo nyuma, wakatoka kwa mlango ule ule wa mafundi aliotorokea mama.

Doa lilifika ukutani likasimama.

Waliendesha mpaka sokoni. Wakaenda stendi, wakaenda hospitali, wakazunguka nyuma ya uwanja wa mpira. Koplo alitikisa mkono, akauinua nje ya dirisha, akaushusha chini ya kiti. Doa halikusogea. Lilibaki pale pale kwenye mlango wa mafundi. Fundi mitambo alifungua na safari ya jana kwenye nakala waliyopewa polisi. Ilizunguka bwawa, ikapita kituo, ikafika bandani, ikaishia mlangoni. Baada ya hapo, kitu hakuna.

"Rudia tena," alisema Mama Maswali, nao wakarudia kwa njia nyingine, kwa sababu hakutaka kumpelekea mama yule neno la kubahatisha. Mara ya pili nayo doa lilikataa kutoka. Ndipo alipoegemea kiti akafumba macho. Koplo, ambaye hakuwa mtu wa dini sana, alisikika kutoka nyuma akisema alhamdulillahi, kisha amina, asije akakosea anuani.

*

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa walipofika kwa fundi cherehani. Barafu, waliyempitia kituoni, alibaki garini. Alisema hatashuka mpaka aitwe, na kama hataitwa atarudi kwa miguu.

Mama Maswali alimweleza fundi cherehani akiwa amesimama, kwa sababu yule hakukubali kukaa. Alimwambia la nyumba kwanza: hapajui. Hajawahi kupajua. Alimwambia jinsi walivyopima na mahali walipopita. Kisha akamweleza la kaunta, na neno moja alilosema mtoto kwa nia njema, na namba iliyokuwa imekaa ikisubiri tangu mwaka jana.

Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho. Alimwangalia Chiriku aliyekuwa anakata maua kwenye gazeti.

"Usimwambie kwamba ni yeye aliyesema," alinong'ona.

"Hakukosea. Alisema kweli. Barafu ni baba yake."

"Ni baba yake," alisema mama, na hapo akakaa kitandani akalia kwa sauti, kilio cha mtu anayetua mzigo. Alimshukuru Mungu, akamshukuru dereva, akamshukuru binti ambaye hamjui, akamshukuru Koplo kwa kuvaa bangili ya mtoto mbele za watu. Koplo alisema si kitu na akaficha alama ya mkononi. Kisha mama akafuta uso kwa kitambaa cha bitana na kuuliza:

"Shemeji yuko wapi?"

Alitoka mwenyewe mpaka kwenye gari. Barafu alipomwona akatoka garini, akasimama kando ya mlango kama aliyefika kutengeneza jokofu na hana hakika na nyumba.

"Shemeji, nilikushuku," alisema fundi cherehani. "Wewe, wa kwanza kabisa. Umenitendea kila jema, mimi nikakaa usiku mzima nakuhesabu kwenye maadui. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha," alisema Barafu. "Kama ungekuwa mtu wa kuamini ovyo, mngekuwa bado mko kwa kaka. Kushuku kwako ndiko kulikowaweka hai. Hata mimi nishuku, sina kinyongo."

"Wewe nimemaliza kukushuku. Asante, shemeji. Sikuwahi kukuambia sawasawa, nilikuwa nakimbia tu. Asante."

Barafu aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Mama Maswali alijitia kutazama tairi la gari lake.

"Afande," aliita fundi cherehani. "Kesho mahakamani, mlango wake uko wazi kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu."

"Sihami. Nilizoea kujificha, leo nimechoka nako. Nitakuja nikae anione. Hakimu akiuliza kama naogopa, nitamwambia naogopa, na nitamwambia nikiwa nimesimama." Akamgeukia shemeji yake. "Ila sitaki kwenda peke yangu. Utanisindikiza? Atakuwa pale, atakuona upande wangu, mbele ya ukoo wote. Kaka yako hatakusamehe maisha yake."

Barafu aliigeuza kofia yake mikononi, mara moja, mara ya pili.

"Ndiyo," alisema. "Basi nije mapema, tupate benchi la mbele."